Fyuzi za Amplifaya ya Baba

Jumatano, 13 Agosti 2025
Leo nimetoa amplifaya ya gitaa ya marehemu baba chini ya kitanda. Aliiunda mwenyewe, hapa hapa Kangemi, kwa valvu za kioo za redio kuukuu. Pasta Karanja amekubali nipige gitaa Jumapili, wimbo mmoja tu, ule baba alioupenda. Nisiposikika, nafasi itabaki kwa Ivyne, mpiga kinanda wa kanisa letu. Nimechomeka. Valvu zimewaka rangi ya chungwa. Nzuri mno. Kisha pap. Fyuzi imekatika.

Alhamisi, 14 Agosti
Fyuzi nne zimekufa tangu asubuhi. Nimetafakari kwa makini. Uamuzi: fyuzi za siku hizi ni dhaifu. Ivyne alipita mlangoni, akataka kujua kama hiyo ni ya gitaa ama ni jiko ya stima. Niliendelea kutafakari.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimepata ufumbuzi. Niliokota pakiti ya sigara karibu na kioski, nikabandua karatasi ya ndani inayong'aa, nikaivingirisha kwenye fyuzi iliyokufa. Saa moja jioni nikawasha. Fyuzi haikukatika. Ilikatika stima ya ploti nzima, vyumba kumi na vinane, kila mtu akipiga pasi nguo za kanisa. Mzee Wahome, mwenye ploti, aligonga kila mlango akiuliza ni nani. Nilisema sijui. Nimetubu, lakini kwa sauti ya chini.

Jumapili, 17 Agosti
Ploti yetu yote iliingia kanisani na nguo zenye makunyanzi. Ivyne, anayekaa ng'ambo ya barabara, alikuwa amenyooka kama rula. Alipiga nyimbo zote. Pasta amenipa Jumapili moja zaidi. Ya mwisho, akasema.

Jumanne, 19 Agosti
Nimebeba amplifaya hadi Kenyatta Market, kwa Fundi Oyoo aliyemjua baba. Alipoona ile karatasi alivua miwani, akaifuta. Kisha akaunga balbu kwenye njia ya umeme. Ikawaka kwa nguvu: kuna shoti. Akachomoa valvu moja moja. Ya tatu ilipotoka, balbu ikafifia. Mgonjwa ndiye huyo. Akaweka valvu nyingine na fyuzi mpya, na amplifaya ikaimba. "Msichana yangu," akaniambia, "fyuzi inakuonya. Usiizibe mdomo." Nimeandika maneno hayo ndani ya kifuniko, kwa kalamu nyekundu.

Jumapili, 24 Agosti
Nilipiga ubeti wa kwanza. Mama alisimama. Ubeti wa pili, akafumba macho. Kisha pap. Nilikumbuka kila neno la fundi: zima, chomoa, tafuta shoti. Lakini ulibaki ubeti wa tatu, na ndani ya Biblia yangu, kwenye Zaburi ya 150, kulikuwa na kipande cha karatasi ing'aayo. Kwa dharura tu.

Stima ya kanisa zima ilikatika. Kinanda cha Ivyne kikanyamaza, na maikrofoni ya Pasta pia. Waumini wakamalizia ubeti kwa makofi.

Njiani mama alinisaidia kubeba amplifaya hadi sokoni. Kisha akaniambia kwamba baba naye hakuwahi kuumaliza wimbo huo stima ikiwapo, hata Jumapili moja.

Nimefarijika sana. Nimeweka karatasi nyingine katika Zaburi ya 150. Hii nimeikunja mara tatu.