Kisu cha Jogoo Kinalala Wapi?

Dikoni hawezi kusoma gazeti kimyakimya. Asubuhi ile kwenye kaunta ya mgahawa wa Verna, theluji ya kwanza ikiyafunika magari yetu nje, akatusomea habari ya jamaa wa bonde la pili. Alikuwa anachuna kulungu kwa kisu chenye bastola ndani ya mpini. Kisu kikalia. Risasi ikatoboa rejeta ya gari lake mwenyewe.

"Kulungu alikuwa keshakufa?" akauliza Kisigino.

"Kitambo."

"Basi gari ndilo lilikuwa linatoroka."

Tukacheka wote, kasoro Jogoo. Yeye alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Verna akamtazama kiunoni.

"Wendell," akasema, na Verna akikuita kwa jina la ubatizo ujue umekwisha. "Na wewe umenunua kama hicho, sivyo?"

Jogoo akachomoa. Bapa pana linang'aa, na ubavuni mwake tundu jeusi la mtutu linatazama mbele.

"Msimu wa kuwinda unafunguliwa kesho," akasema. "Nyie mnabeba bunduki, kisu, shoka, bado kidogo mbebe na friji. Mimi nabeba kimoja."

"Mshika mbili moja humponyoka," Dikoni akasema.

"Mimi nimeshika moja, mzee."

"Ndiyo maana wewe zitakuponyoka zote mbili."

"Dubu akikukumbatia je? Unamchoma. Akikaidi, unamlipua."

"Risasi ngapi?"

"Moja."

"Hiyo ni chumvi, ndugu yangu. Dubu atakula mlo uliokolea."

Kisigino akatikisa kichwa. Jina lile alilipata siku aliyoruka seng'enge na bunduki mkononi risasi ikatoboa buti lake kisiginoni. "Mimi sina haki ya kumcheka mtu. Ila yangu ilikuwa bunduki tu, haijachanganywa na kitu, na bado ilinipata."

Verna akaegemea kaunta. Kibanda tunachokwenda kuwindia ni chake, alichoachiwa na baba yake, na sheria zake tunazijua: bunduki hulala barazani kwenye misumari, kisu huingia mezani. Tena kisu kwetu ni kama mswaki, hakiazimwi. Hata pale kaunta kila mtu hukata kwa chake.

"Sasa hicho kinalala wapi?"

"Ndani, dada. Ni kisu."

"Kina mtutu, Wendell. Ukikiingiza, kitanda cha kando ya jiko nampa mwingine."

Jogoo akabadilika rangi. Kitanda kile ni chake miaka yote, na vingine vyote vinapigwa na upepo.

"Mimi nina blanketi safi," Kisigino akasema taratibu.

Verna akaweka sahani ya paja la nguruwe mbele ya Jogoo. "Kama ni kisu, kata. Ukimaliza bila mtu kuinuka, kinaingia."

Jogoo akakata. Mtutu ukamwelekea Dikoni, Dikoni akainuka.

"Hakina risasi, mzee, kaa."

"Kila bunduki iliyoua mtu sebuleni ilikuwa haina risasi."

Jogoo akageuza sahani. Mtutu ukanitazama mimi, nikakumbuka nina shughuli dirishani. Akageuza tena upande wa Kisigino, akakuta stuli tupu. Kisigino alishakuwa chini ya meza ya nyuma yetu, ana uzoefu.

Mbele alisimama Verna, na huko hakuthubutu. Ukabaki upande mmoja tu. Jogoo akakigeuza kisu kimwelekee mwenyewe, akaanza kukata. Akatazama chini. Tundu lilikuwa linakitazama kitovu chake.

Akatoka nje, akakifungia garini, akarudi na theluji mabegani.

"Kitanda bado changu?"

"Chako," Verna akasema. Chini ya meza mtu akashusha pumzi ndefu.

Jogoo akaketi mbele ya nyama yake. Akamtazama Dikoni, Dikoni akafunika kisu chake kwa kiganja. Akanitazama mimi, nami nikafanya hivyohivyo.

"Verna dada," akasema kwa sauti ndogo. "Kijiko unacho?"