Chumba cha Chaki

Jumatatu, 4 Agosti

Vita vimeanza. Binti yangu amepata chuo, ng'ambo, na hadi Jumamosi mchana lazima awe amechagua pa kulala. Pamebaki pawili. Kwanza bweni: kila mwanafunzi na chumba chake, mlinzi getini, mlezi mwanamke, geti linafungwa mapema. Kasoro hakuna! Pili fleti: wasichana wanne pamoja naye, jiko moja, chumba kama sanduku la sabuni, mlinzi hakuna hata wa kuchora. Yeye anataka fleti.

Nikasema bweni. Akasema fleti, kwa upole, kama mama yake alivyokuwa akikataa jambo: huku anakukunjia shati. Mwaka haujaisha tangu tumzike, na huyu naye anataka jiko la watu.

Dada yangu, ambaye hakuitwa, alifika na kushika upande wa mtoto. Kaka, akasema, mtoto si kabati, huwezi kumpigilia ukutani. Nikamjibu kwamba kabati langu lolote lina adabu kuliko yeye. Hakusikia. Alikuwa anakula chakula changu.

Sishindwi. Nimekunja mbao ngumu kuliko huyu mtoto.

Jumanne, 5 Agosti

Hila ya kwanza. Mimi sitengenezi kitanda kabla ya kuchora chumba cha mteja kwenye sakafu ya karakana, kwa chaki, kwa ukubwa wake hasa. Mteja anaingia, anageuka, anajionea mwenyewe. Leo nimechora viwili: bweni upande wa dirisha, fleti upande wa mbao. Bweni nimelipatia kipimo chake halali na shubiri moja ya nyongeza. Fleti nimeipunguza shubiri mbili kila upande. Nia yangu ni njema, na Mungu hutazama nia.

Binti akaja. Akaingia fleti kupitia mlangoni. (Nilichora mlango. Mkono umezoea.) Akalala chali sakafuni. Akasema panatosha. Dada yangu naye akaingia, kwa mlangoni vilevile, na mwili wake wote, akaketi kando ya binti na kutangaza kwamba hata wageni wataenea.

Kisha binti akachukua futi yangu. Akapima. Akatazama simu yake, penye vipimo vya fleti. Akasema labda chaki imesinyaa kwa baridi. Baridi! Jua lilikuwa linachoma bati! Akapiga magoti, akafuta, akachora upya. Mistari imenyooka bila rula. Nikasahau kukasirika. Mkono ule nimeufundisha mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Hila ya pili, ya kisasa. Binti ameniunga kwenye kundi la simu la wasichana wa fleti, eti niulize nitakalo, roho itulie. Mmoja wao ni wa kwetu, anasomea udaktari wa meno, na ana heshima: ananiita Mzee. Nimemwandikia kwa siri. Kwamba mimi kama baba mkweli naona ni wajibu wangu kumjulisha: binti yangu anakoroma. Ukuta unatikisika. Pia anaunguza sufuria na anaacha nywele bafuni. Wamkatae tu, ila sababu wasimwambie.

Mtego umetegwa! Nimepiga randa mchana kutwa huku naimba.

Alhamisi, 7 Agosti

Haikuwa siri. Niliandika kundini.

Daktari wa Meno amewatafsiria wenzake. Mmoja ameandika kwamba yeye pia anakoroma, na hatimaye kapata mwenzake. Mwingine ametuma picha ya sufuria zao. Nyeusi tititi, zote! Wanasema baba huyu wamempenda. Binti naye amesoma. Yumo kundini, bila shaka. Ndiye aliyeniingiza.

Dada yangu alicheka hadi akashika ukuta. Akaniuliza kama nina siri nyingine niitangaze kwa spika. Nikaenda kupiga msasa kitu ambacho hakikuhitaji msasa.

Ijumaa, 8 Agosti

Binti alikuja karakana na chai. Nikajiweka tayari kwa vita. Aliuliza tu kwa nini niliandika kwamba anakoroma. Aliyekuwa akikoroma ni mama.

Ni kweli. Marehemu alikuwa na mtindo wake: ndefu, ndefu, kimya, halafu moja fupi, kama mtu aliyekumbuka jambo. Miaka yote nilimsukuma ageuke. Sasa nalala na redio.

Binti akasema redio hiyo anaijua, anaisikia kupitia ukutani, na siku umeme ukikatika yeye pia hapati usingizi. Akasema amezitazama picha za bweni. Vyumba vizuri, milango yote imefungwa. Akajiuliza akiamka atamsikia nani. Kule fleti angalau kuna mtu atagonga sufuria. Ni hilo tu, Baba.

Chai ikapoa. Nikamwambia achague fleti. Akasema nibonyeze mimi. Kidole changu kilikuwa na gundi, simu ikakikataa. Tukabonyeza kwa chake, mkono wangu juu ya wake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeshindwa kiungwana. Dada yangu ameshuhudia. Amesema kaka yake hatimaye amekua. Nimemshukuru.

Yeye na binti walipokwenda dukani kununua sanduku, nilirudi kwenye chumba cha chaki. Hakuna aliyekifuta. Binti anahitaji meza, hapo hapana ubishi. Nitamtengenezea ya kukunja, yenye bawaba, ienee sandukuni. Na meza hiyo ikifunguliwa upande wa pili ikawa kitanda, nani wa kulaumiwa? Nimelala pale kujaribu. Miguu inatokeza mlangoni. Nikikunja magoti, naenea.

Nimemwandikia Daktari wa Meno, safari hii kwa siri kabisa, nimuulize sheria ya wageni. Nimemweleza meza, bawaba na magoti. Na kwamba mimi si mgeni, mimi ni baba. Na binti asijue.

Ajabu, simu inalia mfululizo. Wamejibu wanne. Mmoja wao yuko dukani na dada yangu, anachagua sanduku.