Mayai Mia Tisa Tisini na Tisa

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefika Hua Hin. Joto la kukaangia samaki. Umri miaka sitini na moja, goti moja zima, shati jipya la zambarau.

Miaka thelathini na minne nacheza gofu ya kulipwa, sijashinda hata shindano moja. Wa pili nimekuwa mara kumi na moja. Sasa niko kwenye mzunguko wa mashindano ya wazee, nafasi ya arobaini na tatu, na wanaobaki msimu ujao ni arobaini tu. Hili ndilo shindano la mwisho. Nikianguka, naenda kukata vitunguu kwenye duka la tambi la mke wangu, Lamduan. Aproni keshaishona. Kaitarizi na jina langu!

Sina wasiwasi, nina mpango. Nyuma ya shimo la kwanza kuna kibanda cha Babu wa Kilima, mzimu mwenye uwanja huu, na anavyopenda mayai ya kuchemsha hakuna asiyejua. Nimewasha ubani, nimepiga magoti (lile zima kwanza), nimeweka nadhiri. Nikishinda, mayai mia moja. Mpango safi kabisa.

Jumanne, 5 Novemba

Sanguan yupo. Nywele kazipaka piko, viatu vyeupe kama vya bwana harusi. Katika zile mara kumi na moja, saba ni yeye aliyenipiku.

Nimemkuta kibandani kwa Babu. Nikajibanza nyuma ya maua. Masikio ya Sanguan yamekufa nusu, kwa hiyo anaponong'ona husikika mpaka kwenye maegesho. Ananong'ona mayai mia mbili.

Mwizi wa mawazo! Nilisubiri aondoke, nikapanda hadi mia tatu. Narudi kutoka kunywa maji, namkuta kapiga magoti tena. Mia tano, na soda nyekundu kreti mbili.

Jumatano, 6 Novemba

Mnada umeendelea kutwa nzima. Yeye mia sita, mimi mia saba. Yeye mia nane na vichwa viwili vya nguruwe. Hapo nikafunga hesabu: mayai mia tisa tisini na tisa, na nitamchezea Babu ngoma mimi mwenyewe, nimevaa mavazi ya wacheza ngoma wa hekaluni, taji la dhahabu na kucha ndefu. Sanguan ana nyonga mbovu. Hapo hafiki.

Buppha hakufurahi. Buppha ni kedi wangu, mwaka wa sita sasa ananibebea fimbo na kunisomea uwanja. Mimi humsikiliza, kisha napiga ninavyoona mwenyewe. Alinitazama chini ya kofia yake pana.

"Kaka Bunchu, Babu si mlinzi wa geti. Huwezi kumhonga."

Nilimwambia mambo ya wakubwa awaachie wakubwa. Akasema sawa, ila mayai hayapigi mpira.

Ijumaa, 8 Novemba

Mapigo sitini na saba, machache kuliko ya wote! Naongoza!

Niandike sawasawa jinsi ilivyokuwa. Asubuhi nilijiambia, Bunchu, umeshaahidi mayai karibu elfu, ya nini kuumiza kichwa? Kazi ni ya Babu. Kwa hiyo sikufikiri chochote. Buppha akinyoosha kidole, napiga pale pale. Akisema fimbo namba saba, natoa namba saba. Mbishano hata mmoja hatukuwa nao. Mpira ukawa unaingia wenyewe. Nguvu za Babu hizo, nilizihisi mabegani.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeteleza kidogo. Sanguan naye kaweka soda zake mapema kibandani, kama kishika uchumba. Sikupenda. Nikaona bora Babu asizikute zote. Nikanywa tatu haraka haraka, nikaficha chupa tupu kwenye mfuko wa fimbo.

Sikukumbuka kuwa zinatia rangi. Kwenye shimo la kwanza nilipofungua mdomo tu, Sanguan akamnong'oneza kedi wake kwa sauti iliyofika barabarani: "Mwangalie Bunchu, ulimi kama kasuku kala pilipili." Watu mia mbili wakacheka. Nimecheza siku nzima nimefunga mdomo, hata kumuuliza Buppha sikuweza. Kidole chake tu, napiga. Mapigo sitini na nane. Tumelingana, mimi na Sanguan.

Jumapili, 10 Novemba

Nijikaze niandike.

Shimo la mwisho, bado tumelingana. Sanguan kamaliza kwa mapigo manne. Mimi nimeshapiga mawili, mpira uko hatua tano kutoka shimoni. Niingize, nashinda. Nikose, turudiane, na kwenye kurudiana Sanguan hajawahi kushindwa nami. Macho yangu yaliona wazi mpira utakata kulia. Buppha akachuchumaa, akasema utakata kushoto, nilenge vidole viwili kulia kwa shimo.

Nikafungua mdomo nibishe. Zamani ningebisha. Lakini nikafikiria mayai mia tisa tisini na tisa yakipotea bure.

"Una hakika, dada?"

"Nina hakika. Piga, kaka."

Nikapiga. Ukaenda, ukasita, ukakata kushoto, ukaingia!

Nimeshinda! Mimi! Mshindi anabaki kwenye mzunguko miaka miwili. Nililia mbele za watu na sioni haya. Lamduan alikuwa kwenye simu, kafunga duka tangu adhuhuri, analia kunizidi. Akasema, "Baba Pim, ile aproni nafanya kitambaa cha meza." Hata Sanguan alinikumbatia. Shati langu lote limeingia piko.

Kilichoniudhi ni kimoja. Mwandishi wa gazeti alimuuliza Buppha siri ya ushindi. Akajibu, "Wiki hii amenisikiliza." Amenisikiliza! Babu hata hakumtaja.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimetimiza nadhiri. Lamduan alikuja na masufuria ya dukani, mayai yamechemka toka alfajiri. Nikavaa taji, nikacheza. Goti lilikataa kwenye mzunguko wa tatu, nikamalizia nimekaa. Makedi walipiga makofi mpaka wakachoka, kisha wote tukala mayai kwa mchuzi wa samaki. Siku nzuri kuliko zote za maisha yangu.

Jioni nikamwita Buppha, nikamshukuru kwa heshima zote, nikamweleza kwamba msimu ujao simhitaji. Mwenye Babu hahitaji kidole cha mtu. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama nina hakika, nikamwambia ninayo.

Sasa hivi nimesikia Sanguan kamwajiri. Nimecheka nusura yai linikabe. Maskini Sanguan! Msimu mzima atakuwa na yule mwanamke na kidole chake, na mimi nimeshaahidi mayai elfu mbili.