Cherehani Inayonyonya Akili

Sabuni hakuwa na cheti cha kitu chochote, lakini alikuwa na koti jeupe. Alilinunua mitumbani likiwa na doa la wino mfukoni, na doa hilo, ndugu msomaji, lilimfaa kuliko shahada. Daktari asiye na wino mfukoni nani atamwamini? Jina la Sabuni alipewa na watu waliojaribu kumkamata.

Asubuhi moja alisimama nje ya kliniki ya magonjwa ya akili kusoma tangazo ukutani. Juu kabisa liliandikwa kuwa panafanyika utafiti wa serotonini, kemikali ya ubongo, na uwezo wa kufikiri kwa watu wenye sonona. Macho yake yakaganda kwenye neno moja. Serotonini! Refu, tamu mdomoni, na hakuna atakayethubutu kuuliza maana yake mara mbili. Mistari ya chini, iliyosema kwamba washiriki watatibiwa kwa wiki nane, hakuisoma. Ya nini? Mtu akishapata ndoano, duka lililobaki halimhusu.

Mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja akatafuta benchi kwa mkono, akaketi.

"Pole, mama. Wamekupima?"

"Wamenipima, daktari. Nimesomewa maneno kumi na tano, nimekumbuka matatu. Ndoo, kitasa, jogoo. Mengine sijui yameenda wapi." Akajifuta macho. "Kichwa kimekuwa kizito, mwanangu. Mkono wa shati nauweka nyuma mbele, naufumua, naurudisha vilevile."

"Kwani wewe fundi?"

"Fundi cherehani."

"Ya kukanyaga?"

"Ya kukanyaga."

"Lahaula!" Sabuni akashika kifua. "Basi tumekosea mgonjwa, mama. Serotonini inakaa kichwani, sawa? Ikitikiswa inashuka. Wewe unakanyaga kutwa, inashuka mpaka kwenye nyayo, na cherehani inainyonya. Hiyo mashine iwekwe karantini leo hii."

Ukiwa mzima wa akili, hapo ungecheka. Yule mama hakucheka. Cherehani ile ilimlea baada ya kufiwa na mume, ikasomesha watoto watatu, na ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumwingizia riziki. Lakini sonona ilikuwa imemnyang'anya hata nguvu ya kubisha. Kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa juu ya mkokoteni, naye amesimama mlangoni akishukuru. Hapo ndipo mimi mwenyewe humchukia Sabuni, japo ananichekesha.

Mungu si Athumani, lakini. Sabuni alipoipeleka kwa mnunuzi wa kwanza, yule akainama, akachungulia chini ya sindano, akauliza, "Boksi la bobini liko wapi?"

"La nini?"

"Kichuma kinachoshika uzi wa chini. Bila hicho huna cherehani, una meza."

Mnunuzi wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu akamfukuza. Fundi alikuwa amekitoa kichuma kile akitie mafuta, akakitupa kwenye kopo la vifungo, akasahau. Ugonjwa uliomponza ndio uliomwokolea mali. Sabuni alizunguka maduka wiki saba. Kwa mashine ya zamani vile, kilikuwa hakitengenezwi tena.

Wiki hizo saba fundi alikuwa akinywa vidonge na kuzungumza na daktari wa kweli, mwanamke mpole mwenye sauti ya kukwaruza. Wiki ya pili hakuona tofauti. Wiki ya tano aliamka akatamani chai. Wiki ya sita alikumbuka maneno kumi na moja, akamwambia daktari kwamba angepona haraka zaidi, ila cherehani bado iko karantini kwa daktari mwenzake.

"Mwenzangu yupi?"

Akaelezwa. Daktari akaweka kalamu mezani. "Mama, serotonini hainyonywi na chuma. Na sonona haili akili, inaifunika tu. Tuwaite polisi?"

"Niachie mimi," fundi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kusikika akisema hivyo.

Siku chache baadaye Sabuni akabisha hodi, koti limenyooshwa. Fundi alimwona dirishani. Akalegeza mdomo, akafifisha macho, kama bado mgonjwa.

"Mama, unanikumbuka?"

"Wewe ni... jogoo?"

"Daktari!" Moyo wa Sabuni ukatulia. "Kuna kichuma kilibaki humu ndani. Kimejaa serotonini, hatari tupu."

"Kipo, mwanangu, sijui wapi. Labda nikiiona mashine nitakumbuka. Halafu uchukue na ile nyingine kubwa, ya kudarizi. Nayo inanitetemesha."

Kubwa! Ya kudarizi! Sabuni hakutembea, aliruka. Saa moja haikupita, cherehani ilikuwa mahali pake pa zamani, kando ya turubai la lori lililoletwa kuzibwa matundu. Fundi akachomoa kichuma kwenye kopo, akakipachika bila kutazama.

"Koti lako limefumuka pindo. Daktari gani hivyo? Kaa hapa, nikushonee hukuhuku mwilini."

"Mungu akubariki, mama."

Akakanyaga. Trrrrr, pindo la nyuma. Trrrrr, la kulia. Trrrrr, la kushoto, mishono miwili miwili.

"Sasa ile ya kudarizi iko wapi?"

"Sijawahi kuwa nayo," fundi akasema, akakata uzi kwa meno. "Serotonini imerudi, mwanangu."

Sabuni akasimama. Turubai zima likasimama naye, likaangusha kopo la vifungo na kigoda. Akavuta, likavuta. Mwisho akateleza nje ya koti, akatimua mbio na fulana yenye matundu, huku mtaa mzima ukipiga kelele: "Sabuni! Sabuni huyoo!"

Wiki ya nane fundi alikaa mbele ya daktari kwa kipimo cha mwisho. Nyumbani, cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe chenye doa la wino.

"Ndoo, kitasa, jogoo," akaanza, "ngazi, mkeka, tumbili, kalamu, shoka, mlango, chumvi, kofia, daraja, nyuki, kioo..."

Daktari akasogea mbele, kalamu mkononi. "Limebaki moja tu, mama. Usiwe na haraka."

Fundi alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Daktari akashtuka, akamshika mkono.

"Mama, unalia?"

"Nacheka," akasema fundi. "Sabuni."