Kihispania Chenu Kimerudisha Posa Yangu

Nachingwea, 9 Agosti 1999

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Kihispania kwa Wanaoanza,

Natumaini u mzima, wewe na Wahispania wako. Mimi ni Mmwera wa Nkowe, fundi baiskeli hapa sokoni. Masomo yenu nayafuata kwa bidii, ingawa gazeti hunifikia likiwa limefungia vitumbua, na somo la tatu lililowa mafuta silijui hadi leo. Kwa heshima naleta malalamiko.

1. Mmesema meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume. Nikakubali. Halafu "mano", yaani mkono, inaishia na "o" ya kiume lakini ni ya kike. Nasi tuna ngeli zetu, ila hakuna aliyewahi kukiuliza kigoda jinsia yake.

2. Kwa "kuwa" mna vitenzi viwili: "ser" kwa jambo la kudumu, "estar" kwa la kupita. Niliwauliza kwa barua "mimi ni mchumba wa Marietha" itumie kipi. Hamkujibu, na sasa uchumba wenyewe umepita.

3. Hapa ndipo penye uchungu. Tulikwenda Marambo kuposa kwa Mzee Selestini, baba yake Marietha. Mshenga wangu, Evarist, hajamaliza hata kukohoa, nikamkatiza ili wakwe wajue nimesoma. Nikamwonyesha baba yangu kwa mkono, nikasema: "Mi padre, Anselmo." Ni ninyi mliofundisha kuwa "padre" ni baba mzazi na "mi" ni wangu. Wao wakasikia: mi ni Padre Anselmo. Bibi yake Marietha akapiga magoti kuomba baraka. Posa ikarudishwa. Padre haoi. Tangu hapo wateja huniungamia dhambi zao huku nikiziba pancha, na baadhi ya dhambi hizo tulizitenda pamoja.

4. Kwa hiyo naomba Wahispania wote waache neno hilo, waseme "baba" kama watu wengine. Wakikataa, basi Kanisa liruhusu mapadre kuoa, hata mmoja tu, wa Nachingwea.

Nampenda Marietha, Ndugu Mhariri. Hilo nalisema kwa Kiswahili lisije likakosewa.

Wasalimie wote ofisini, wa kiume na wa kike, pamoja na meza.

Wako mwenye posa iliyorudi,
Benedikto Anselmo

NB: Marietha amepita kujaza upepo, akaisoma barua hii. Anasema habari ya padre waliicheka siku ileile wakaisahau. Kilichomuudhi baba yake ni kwamba alinisalimu mara mbili kwa Kimakonde, nami nikamwitikia "buenas tardes". Amenikumbusha pia kwamba mwaka jana alijitolea kunifundisha Kimakonde, nikamjibu kuwa sina nafasi, ninajifunza lugha.