Hatua Nne kwa Bi Tabu

Jumatatu, 14 Julai
Bi Felista, mkuu wangu wa kazi, amenipa jalada la Bi Tabu, mwenye mgahawa Ufukoni. Ameweka meza sita kwenye njia ya waenda kwa miguu, kibali hana. Pembeni mkuu ameandika: "Chukua hatua." Yeye ndiye atakayeamua, siku ya Ijumaa, kama nithibitishwe kazini. Lakini Bi Tabu, nasikia, alimfukuza bwana afya kwa mwiko. Nimewaza mchana kutwa. Neno hatua lina maana mbili. Nimechagua isiyo na mwiko.

Jumanne, 15 Julai
Nimefika kabla mgahawa haujafunguliwa. Nimehesabu hatua kutoka ukutani hadi barabarani. Nne. Zingekuwa tatu, ila komeo lililia ndani nikafupisha miguu. Nimeandika kwenye jalada: "Hatua zimechukuliwa. Nne." Hakuna uongo hata herufi moja.

Jumatano, 16 Julai
Bi Felista amefurahi. Amemwambia Fredi, tunayekaa naye chumba kimoja cha ofisi, kwamba yeye onyo moja humchukua mwezi, na mwenzake hatua nne kwa siku. Fredi akaniuliza ni hatua zipi hizo, mheshimiwa. Nimesema zilitofautiana urefu. Kesho mkuu anakwenda kujionea.

Alhamisi, 17 Julai
Asubuhi mapema nimemwomba Bi Tabu aingize meza ndani, leo tu. Akasema, baba, unatetemeka hivyo, umekunywa chai kweli? Akanikalisha nje na supu ya pweza. Nikamwambia mkuu wangu anakuja. Akasema basi tuongeze meza. Ya saba ikatoka.
Bi Felista amenikuta mnyiri wa pweza ukining'inia mdomoni. Ameuliza, kwa upole wa kutisha, hii ndiyo hatua ya ngapi. Nimejibu ya tano.

Ijumaa, 18 Julai
Sijathibitishwa. Nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Mkuu amesema sasa ataandika agizo ambalo hata mtoto wa chekechea hawezi kulikosea: "Mfuatilie Bi Tabu kwa karibu mpaka apate kibali." Nimelisoma mara tatu. Kweli, liko wazi.

Jumamosi, 19 Julai
Nimemfuatilia tangu alfajiri. Sokoni, kwa fundi cherehani, matangani kwa wifi yake. Sikumpita wala sikubaki nyuma. Akasema kwa kuwa nipo nipo tu, nimbebee kapu la vitunguu. Kibali hakukitaja, nami sikuona vyema kumkatiza njiani. Jumatatu nitaandika: "Amefuatiliwa. Kilomita sita."