Bonde la Watu Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Miezi kumi na moja! Wewe mtoto una moyo wa nini? Najua siku ya kusoma haya umekalia kiti changu, umekunja mguu, unapekua daftari uone bibi kaandika nini. Bibi kaandika kwamba hujakanyaga hapa miezi kumi na moja. Sauti ya simu si miguu mlangoni. Haya, soma, umeshajileta.

Hasira zimeanza asubuhi. Nimewasha mashine ya gemu uliyoniachia, nimkamue Kiburi, ng'ombe wetu wa kwenye kioo, kabla sijaosha vyombo. Imekataa! Eti kwanza apdeti. Nimebonyeza hapana. Imeuliza tena. Nimebonyeza hapana kwa nguvu. Imeuliza tena, kwa adabu ile ile, kama mgeni anayeona sufuria imeoshwa na bado ananawa mikono.

Kisha ujumbe wako wa sauti. Kwamba wenye gemu wametoa nyongeza ya shamba letu, bonde zima lenye mto. Kwamba umetununulia bibi zako wote wawili. Kwamba bonde linafunguliwa Jumamosi saa kumi jioni, bila apdeti huingii, na kila shamba la bondeni linachukua watu wawili tu. Atakayetangulia kati yetu ndiye atakayelima na wewe.

Halafu ukacheka! Umewatupia kuku wawili punje moja, unacheka!

Maana bibi yako wa pili unamjua. Mama wa baba yako, fundi cherehani, huyo Mpima Viuno. Yeye ghorofa ya kwanza, mimi ya tatu. Watoto wetu walichumbiana kwenye ngazi hizi hizi. Tangu umnunulie na yeye mashine, hapumui vizuri kwa majivuno. Na ana intaneti ya waya. Mimi nina bando la simu. Nimebonyeza ndiyo, mashine yangu imejipigia hesabu ya kushusha apdeti: saa mia moja na arobaini. Nimehesabu vidole vya mikono, nikaingia vya miguu. Jumapili alfajiri! Bonde litakuwa limeshapata mke mwingine.

Gemu ndiyo saa pekee kwa wiki unayokaa na mimi bila kuniambia una haraka. Simwachii mtu.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi mashine imesimama. Eti imejaa. Imejaa nini? Sijaipa kitu!

Nimeishusha kwa fundi simu wa pale chini, nimeibeba mgongoni kwa kanga kama mtoto mwenye homa. Ameiunganisha, amecheka, amesema nifute gemu zako za zamani. Ameniwekea orodha. Yale magari ya mbio uliyocheza huna meno ya mbele. Lile la kupanga matofali. Nimemwambia kitanda chake mpaka leo nakitandika, ndiyo nifute magari yake? Amesema, bibi, zinarudi hizo, unashusha upya tu. Nimemwambia kilichofutwa hakirudi kama kilivyoondoka, aulize mwenye upara. Yeye ana upara. Kicheko kimekwisha.

Kwa hasira akachimba mwenyewe akakuta uchafu halisi. Video mia tatu na kumi na mbili. Zote mimi, nakamua. Kumbe kitufe nilichokuwa nadhani ni cha kumsalimia Kiburi ni cha kurekodi. Nimemsalimia mwaka mzima. Zimefutwa. Nafasi imepatikana.

Nikirudi, Mpima Viuno kasimama mlangoni kwake, sindano mdomoni. Akauliza, mwenzangu, umefika ngapi? Yeye yuko arobaini kwa mia.

Nikasema sitini.

Nilikuwa na mbili.

Jumatano, 5 Machi

Akili haikai darasani peke yake. Mimi sijakaa hata siku moja, na leo nimefanya jambo ambalo fundi simu hakuliwaza.

Nimebeba televisheni na mashine mpaka jikoni. Nimeviweka juu ya meza ya kukatia vitunguu, karibu na dirisha. Nimeviambia vitafute mtandao. Na kweli, kutoka chini ukapanda wa Mpima Viuno, mwembamba lakini upo! Ukataka neno la siri. Nikajiuliza, mwanamke yule angeweka nini? Jina la marehemu mumewe hapana, walikuwa hawaongei. Nikaandika tarehe uliyozaliwa wewe.

Mlango ukafunguka.

Nimefurahi dakika moja, kisha nimekasirika mpaka sikio likalia. Tarehe ile ni yangu! Mimi ndiye niliyekushika ukiwa bado una utelezi. Yeye alifika saa nane mchana na kofia ya sufu isiyokutosha kichwa. Leo anaifanya ufunguo wa nyumba yake!

Lakini intaneti nimechukua. Inakwenda kama maji ya mfereji. Kufika jioni, thelathini na tano. Vitunguu nimekatia sakafuni.

Alhamisi, 6 Machi

Mpima Viuno amepanda. Goti lake ni bovu kuliko langu, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Kaja kulalamika. Kwamba tangu jana apdeti yake inatambaa. Kwamba amewapigia simu watu wa intaneti, wamemwambia azime na kuwasha. Kwamba kuna mtu anamnyonya.

Nimemkalisha sebuleni, mgongo wake jikoni. Nimempa chai. Nimemwambia watu wamekuwa wabaya siku hizi.

Mashine ikaanza kuvuma. Wewe unajua ikipata moto inavyovuma. Akauliza kinachovuma nini. Nikasema friji. Akaitazama friji, imesimama pale pale mbele yake, haivumi. Nikasema ni nyingine. Mpya.

 Akasema, hongera, mwenzangu, mjini watu wana friji mbili mbili na sisi hatuambiwi. Akaomba aione. Nikamwambia inagandisha, haipendi kufunguliwa.

Akashuka kwa kuhema. Kwenye ngazi akaanza kukuimba, kile kibembelezo alichokushonea kwa maneno yake. Anajua kinanichoma. Anaimba kwa makusudi, tena kinapanda sauti pale pale kwenye jina lako.

Mimi themanini na moja. Yeye, kwa maneno yake, tisini.

Ijumaa, 7 Machi

Leo sitaki kuandika. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitavunja sahani.

Asubuhi mimi tisini na saba. Yeye kapiga kelele tangu chini, ngazi nzima isikie, kwamba imemaliza kushuka, sasa inajipanga ndani, na kwamba ameshaanza kushona gauni la kuvaa bondeni. Nani kamwambia gauni la kitambaa linaingia kwenye kioo! Lakini moyo ukaniruka. Nimeona wewe na yeye mtoni. Nimeona anamkamua Kiburi kwa vidole vile vya pini.

Nikashuka mpaka kwenye ukuta wa mita. Swichi zetu ziko pale, za nyumba nzima. Yake naijua, ameifunga utepe mwekundu, hata umeme anauvalisha. Nikaizima. Tap! Cherehani ikanyamaza. Nikasikia tusi moja zuri. Nikapanda taratibu, mkono mmoja kiunoni, kama mtu aliyekwenda kutazama hali ya hewa.

Naingia jikoni, mashine yangu imeandika: hakuna mtandao.

Hakuna mtandao! Nikaitukana, nikaipiga kofi la ubavu. Nikasimama pale muda mrefu, naona aibu kuandika muda gani, ndipo nikakumbuka mtandao wenyewe ni wa nani, na kile kisanduku chake kinakula umeme wa nani.

Usiniletee methali ya mchimba kisima. Naijua.

Nimeshuka ngazi tatu tatu, kwa goti hili. Nimewasha. Nimepanda. Tisini na nane, tisini na tisa, mia! Halafu kidude kikaandika kinajipanga, nisizime. Kikajipanga. Kikaendelea kujipanga. Chai imepoa kinajipanga. Mimi tangu lini naambiwa nisizime na kitu nilichokibeba mgongoni? Nimekichomoa waya ili kijue nani mwenye nyumba. Nimekichomeka tena.

Eti faili limeharibika. Futa, anza upya.

Sifuri.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tisa na nusu Mpima Viuno amegonga. Amevaa lile gauni. Macho mekundu. Akaniambia kuna shetani kamzimia umeme jana mashine ikijipanga, nayo imeharibika, ameanza upya leo mchana, yuko kumi na mbili. Akaketi akamlaani aliyefanya. Mkono ukauke. Asilale. Nami nikalaani naye, kwa sauti kubwa kuliko yake, maana ningenyamaza angejua.

Kisha akataka maji ya kunywa, akajipeleka jikoni mwenyewe.

Sikumuwahi. Amesimama mbele ya televisheni, juu ya maganda ya vitunguu, anasoma jina la mtandao wake. Akageuka. Nilingoja kofi. Akauliza jambo moja tu: neno la siri nilipewa na nani? Nikamwambia sikupewa, ndilo la kwanza nililojaribu.

Akanitazama sana. Akasema, na mimi ndilo la kwanza lililonijia.

Tukakaa. Saa kumi ikapita. Saa kumi na robo. Wawili sisi, kioo kimoja nilichokianzisha upya leo mchana, asilimia tisa.

Ukapiga simu. Nikaweka sauti wazi. Ukasema uko bondeni, umesimama kando ya mto na Kiburi, peke yako, watu wote wana watu wao. Ukauliza kama tunaumwa. Sauti yako ilikuwa ndogo, kama ile siku ya kwanza ya shule. Mpima Viuno akafungua mdomo anishtaki. Nikafungua wangu nijitetee. 

Mwisho akasema yeye. Akasema umeme umetusumbua, mjukuu wetu. Wetu! Sijui kama nimeshukuru au nimechukia zaidi.

Ukasema nafasi humpi mtu. Ukasema hizi mashine zinahitaji mtu mwenye macho. Utakuja tarehe ishirini na moja, uzitengeneze zote mbili.

Siku moja, ukasema. Siku moja! Sisi wawili!

Jumapili, 9 Machi

Miezi kumi na moja nimekutumia salamu, hukuja. Nimekwambia goti, hukuja. Nimekwambia nimekukumbuka, ukanitumia picha ya kidole gumba. Mashine imekufa siku moja, umekata tiketi! Nina hasira kiasi kwamba nimefua mapazia yote na kutandua kitanda chako na kukitandika upya.

Mpima Viuno ameshaanza. Amenunua zulia la mlangoni, jekundu, ukubwa wa mlango mzima, ili mguu wako usite pale. Tangu asubuhi kaacha mlango wazi. Analitega zulia.

Mimi nimepata funzo kubwa: kabla ya kuzima swichi ya mtu, hakikisha kwanza hutumii chake. Safari ijayo nitakuwa nimeshamaliza.

Basi sikia, na haya nitakusomea kwenye simu kabla hujaja. Tarehe ishirini na moja pita ngazi za nyuma, viatu mkononi, usikohoe ghorofa ya kwanza. Anza na yangu. Ya kwake mwambie haina dawa. Kaa jikoni, ndiko intaneti iliko. Na ikianza kujipanga, niachie mimi na waya wake, toka ukaninunulie chumvi. Usirudi mbio.